Oili chafu haimwagwi baharini, hata kama bakteria wapo

Malalamiko kuhusu oili chafu, yaani oili ya injini iliyokwishatumika, inayonasa kwenye mikoko ya Mikindani na Msanga Mkuu mkoani Mtwara yameongezeka. Tukiwafuata wenye mashine za boti na mafundi wa gereji, jibu ni lilelile: "Mtaalamu, bahari ina bakteria wake, watakula." Baadhi yao wanamwaga na sabuni ya unga juu yake, eti kuwasaidia.

Bakteria hao wapo kweli. Alcanivorax borkumensis huongezeka haraka pale mafuta yanapomwagika baharini. Shida yake ni kwamba anaishi majini ilhali chakula chake kimo ndani ya mafuta, hivyo hutengeneza bayosafaktanti, yaani sabuni za asili: molekuli zenye upande unaoshika maji na upande unaoshika mafuta, zinazovunja tabaka kuwa matone madogo. Bakteria mwingine, Bacillus subtilis, hutoa bayosafaktanti iitwayo safaktini, ambayo hata kwa kiasi kidogo hushusha mvutano wa uso wa maji (nguvu inayobana uso huo) kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi takriban 27.

Sekta ya mafuta inazitumia kwa sababu hiyo. Kwenye jaribio lililofanyika Kuwait, tope zito la chini ya tangi lilisafishwa kwa bayosafaktanti na zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yaliyonaswa humo yakapatikana tena. Katika visima vya mafuta vilivyochoka, ambako mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta hubaki mwambani, bakteria au sabuni zao huingizwa ili kuyabandua. Tunaulizwa kila mkutano kama ndivyo inavyofanyika Mnazi Bay au Songo Songo. Hapana. Kule kunavunwa gesi asilia, na gesi haibanduliwi kwa sabuni. Tusirudi tena kwenye swali hili.

Turudi kwenye mikoko. Ili kula mafuta kwa kasi, bakteria wanahitaji oksijeni, nitrojeni na fosforasi. Matope meusi ya mikoko karibu hayana oksijeni, kwa hiyo oili iliyozama humo hukaa miaka. Alaska, baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta mwaka 1989, fukwe ziliwekewa mbolea ili kuwachochea bakteria, na bado mafuta yalikutwa chini ya changarawe miongo kadhaa baadaye. Tena hayo yalikuwa mafuta ghafi. Oili ya injini iliyotumika ina metali kama zinki, na hakuna bakteria anayekula zinki ikaisha. Sabuni ya unga nayo inaiondoa oili machoni pako tu. Inaishusha majini waliko vifaranga vya samaki na kamba.

Oili chafu ni taka hatarishi kisheria. Ihifadhi kwenye pipa lenye mfuniko na lebo, chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji yenye kingo. Andika lita na tarehe kila unapoongeza. Mkabidhi msafirishaji mwenye kibali cha taka hatarishi, si yeyote mwenye bajaji, na utunze nakala ya fomu ya makabidhiano, kwani mkaguzi ataanza na hiyo. Ukiona mafuta baharini, usiyaguse wala kuyamwagia kitu. Toa taarifa kwa BMU yako (kikundi cha usimamizi wa fukwe) au mtendaji wa kijiji, kisha NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) Kanda ya Kusini, au TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) ikiwa yametoka melini. Taja mahali, saa, rangi, upepo unakoelekea, na picha kama ipo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaruhusu faini, kifungo au vyote viwili, na aliyechafua anaweza kuamriwa kurejesha mazingira kwa gharama zake. Gharama hiyo mara nyingi huizidi faini, jambo ambalo watu hawalipigii hesabu.

Na anayewaza kufuga bakteria hawa mwenyewe kwenye ndoo: Pseudomonas aeruginosa, mtengenezaji maarufu wa bayosafaktanti ziitwazo ramnolipidi, ndiye huyohuyo anayeozesha vidonda vya moto hospitalini. Kazi hiyo waachieni wenye maabara.