Mishale mitatu chini ya chupa si ahadi

Geuza chupa ya maji uitazame kitakoni: kuna pembetatu ya mishale na namba ndani yake. Wengi huamini alama hiyo inathibitisha kwamba chombo kitarejelezwa. Sivyo, na imani hii inaniuma kwa sababu inatoka kwa watu wenye nia njema. Alama ilibuniwa Marekani mwaka 1988 na chama cha watengenezaji plastiki, kutambulisha aina ya plastiki tu. Namba 1, ile angavu ya chupa za maji, na 2, ile ngumu ya madumu, hurejelezwa kwa urahisi zaidi. Namba 6, ile nyeupe nyepesi inayomeguka punjepunje, mara nyingi hukataliwa. Soma namba, kisha waulize wakusanyaji wanapokea zipi.