Je, wajua kwa nini wafalme wa Ulaya walitikisika kwa mpigo mwaka 1848?

Tarehe 1 Januari 1848 watu wa Milan waliacha kuvuta sigara, na si kwa ajili ya afya. Mji huo wa kaskazini mwa Italia ulikuwa chini ya Austria, na tumbaku yote iliuzwa na serikali ya Austria peke yake, kwa hiyo kila aliyewasha sigara alikuwa anamchangia mtawala. Wakakubaliana kugoma. Siku mbili baadaye askari wa Austria walionekana mitaani wakiwa na sigara midomoni, wakipuliza moshi makusudi mbele ya wenyeji. Ugomvi ukazuka, askari wakatumia silaha, na watu kadhaa wakauawa.

Hiyo ilikuwa rasharasha tu. Tarehe 12 Januari Palermo, kule Sicily, iliasi. Februari ikawa zamu ya Paris. Machi ikaja na Vienna, mji mkuu wa Austria, Berlin, Pest (sehemu ya Budapest ya leo), Venice, na Milan yenyewe kwa mara ya pili. Hakukuwa na kamati iliyokaa mahali ikapanga haya yote. Iliwezekanaje basi?

Anza na tumbo. Mwaka 1845 ugonjwa wa mimea uliozesha viazi mashambani. Ireland ndiyo iliyoumia kupita wote: watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata. Mwaka 1846 nafaka nayo haikustawi bara Ulaya. Aprili 1847, sokoni Berlin, wateja waliochoshwa na bei walizivamia meza za wauza viazi na ghasia zikaenea mjini. Na mtu anayemaliza mshahara wake kwa mkate hanunui nguo, kwa hiyo viwanda vikapunguza watu, na mabenki yakaanza kuyumba. Mavuno ya 1847 yalikuwa mazuri kidogo, lakini madeni na hasira havikuondoka na njaa.

Halafu kulikuwa na suala la nani ana sauti. Ufaransa ya Mfalme Louis-Philippe ilikuwa na watu takriban milioni 35, ila waliokuwa na haki ya kupiga kura hawakufika 250,000, kwa kuwa kura ilitegemea kodi unayolipa. Mikutano ya siasa ilibanwa. Wapinzani wakabuni ujanja ambao mimi naupenda sana: wakaanza kuandaa karamu. Unanunua tiketi, unakula, kisha watu wanasimama kuinua glasi na kutoa "salamu" ambazo kwa kweli ni hotuba. Serikali ilipopiga marufuku karamu ya Paris iliyopangwa tarehe 22 Februari, watu walijaa barabarani. Kesho yake usiku askari waliufyatulia risasi umati na kuua makumi. Baadhi ya maiti zilipakiwa kwenye mkokoteni, ukazungushwa mjini kwa mwanga wa mienge ili kila mtu aone. Hadi asubuhi mji ulikuwa umejaa vizuizi vya mawe na samani. Tarehe 24 Februari mfalme alijiuzulu, akanyoa ndevu zake za mashavuni na kukimbilia Uingereza kwa jina la Bwana Smith.

Ulaya ilishaona mapinduzi kabla ya hapo. Kilichokuwa kipya ni mwendo wa habari. Kulikuwa na reli, meli za mvuke na magazeti yaliyosomwa kwa sauti mikahawani. Habari za Paris zilifika Vienna ndani ya siku tano hivi, na tarehe 13 Machi Metternich, aliyeshika siasa za Austria tangu enzi za Napoleon, alilazimika kung'oka. Vienna ilipoyumba, Berlin na Milan zikaona mlango uko wazi.

Nje ya reli hizo dunia ilikwenda kwa mwendo wake. Tarehe 11 Mei, wiki moja kabla ya bunge la Wajerumani kufunguliwa Frankfurt, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Rabai, karibu na Mombasa, alipoona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari alikiita "baridi" tu. Wasomi wa Ulaya walibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Moto ule ulizimwa haraka kama ulivyowaka. Juni, wafanyakazi wa Paris walipoinuka tena, waliokuwa wenzao wa Februari walituma askari dhidi yao, na maelfu wakafa. Wenye mali waliwaogopa maskini kuliko walivyomchukia mfalme. Wakulima wa Austria, walipofutiwa utumwa wa shamba mwezi Septemba, walirudi makwao. Majeshi nayo yaliendelea kuwatii mabwana zao. Desemba 10 Wafaransa, sasa wanaume wote wakipiga kura, walimchagua Louis-Napoleon, mpwa wa Napoleon. Miaka minne baadaye alijifanya mfalme mkuu.

Lakini jamhuri iliyozaliwa Ufaransa mwezi Februari, mfalme alipokimbia, ilishatia saini jambo moja ambalo halikurudishwa nyuma. Tarehe 27 Aprili ilifuta utumwa katika makoloni yake, kikiwemo kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, ambako mashamba yalilimwa na watu waliotolewa Madagaska, Msumbiji na pwani yetu, Kilwa ikiwemo. Amri ilifika na meli mwezi Oktoba. Watumwa zaidi ya 60,000 waliachwa huru tarehe 20 Desemba, baada ya kamishna aliyetumwa kutoka Ufaransa, Sarda Garriga, kuzunguka kisiwa akiwaambia kwamba ni lazima kila mmoja awe ameshafunga mkataba wa kazi kabla ya siku hiyo.