Je, wajua? Mashirika ya ndege yakiungana, ndege mpya inaweza kuondolewa na kongwe ikabaki

Mashirika mawili ya ndege yakiungana, wengi huamini kwamba ndege kongwe ndizo zitakazotangulia kuondoka. Ndege zimezidi, za zamani zinakunywa mafuta, basi zipelekwe jangwani zikakatwe. Inasikika kama akili ya kawaida, lakini ukifuatilia yaliyotokea baada ya miungano mikubwa ya Marekani, mambo yalikwenda kinyume mara nyingi.

Chukua Alaska Airlines, iliyokamilisha ununuzi wa Virgin America Desemba 2016. Alaska ilitumia Boeing 737 kwenye njia zake kuu. Virgin ilitumia Airbus pekee. Mwaka 2017 zikaanza kuingia A321neo, ndege mpya kabisa zinazobana mafuta. Kufikia mwisho wa Septemba 2023 zote zilikuwa zimeondolewa, na zote kumi zikachukuliwa na American Airlines. Huku nyuma Alaska iliendelea kurusha Boeing 737-900 ilizoanza kuzipokea mwaka 2001. Ya miaka sita ikaonyeshwa mlango, ya miaka ishirini na ushee ikabaki kazini.

Southwest nayo iliinunua AirTran mwaka 2011 na kurithi Boeing 717 zipatazo 88. Huwezi kuiita 717 kuukuu: ilianza kubeba abiria 1999, na ya mwisho ilitoka kiwandani 2006. Ila Southwest hairushi kitu kingine isipokuwa 737. Zote zikapangishwa kwa Delta kuanzia 2013.

Delta ilizihitaji kwa sababu ya muungano mwingine. Ilipoungana na Northwest mwaka 2008 ilipokea DC-9 zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970, na badala ya kuzitupa mara moja iliendelea kuzitumia mpaka Januari 2014. Zilizosaidia kuzipumzisha ni hizohizo 717, ambazo kwa ukoo ni wajukuu wa DC-9. Bibi alipokewa kazi na mjukuu aliyefukuzwa kwa jirani.

Kwa hiyo umri peke yake hauamui. Kinachoamua zaidi ni upweke, na upweke una gharama yake.

Fikiria karakana ya ushonaji yenye cherehani ishirini za aina moja. Mwenye karakana huweka bobini chache za akiba, mkanda mmoja, labda mota moja, na akiba hiyo inatosha kuzilinda zote ishirini, maana haziharibiki siku moja. Kila fundi anaweza kukaa kwenye yoyote. Sasa zikaletwa cherehani tatu za aina nyingine, mpya, zinazoshona vizuri kuliko zile za zamani. Sindano zake haziingiliani na za wenzake. Mkanda wake ni mwingine. Mwenye karakana hawezi kununua robo ya mota ya akiba kwa sababu tu zipo tatu. Lazima anunue nzima. Na fundi anayezijua akiugua, cherehani hizo zinasimama hata kama mafundi wengine wamekaa bila kazi.

Ndege ni hivyohivyo, ila hesabu zake zinauma zaidi. Rubani hupewa idhini ya aina fulani ya ndege; rubani wa 737 hawezi kuvuka ukumbi akashike A321 kwa sababu mwenzake ameugua. Hivyo kila aina inadai marubani wake wa zamu ya akiba, mashine zake za mafunzo, mafundi wake na stoo yake ya vipuri. Akiba ya aina moja haiikopeshi nyingine kitu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini wageni wengine husalimika. Northwest ilikuja kwa Delta na A319 na A320 zaidi ya mia moja, wakati Delta haikuwa na Airbus hata moja. Zikabaki. Kundi kubwa kiasi hicho linabeba gharama za akiba yake lenyewe.

Tena upweke unaweza kujificha ndani ya jina moja. American ilipoichukua TWA mwaka 2001, pande zote mbili zilikuwa na Boeing 757. Kwa abiria ni ndege ileile. Chini ya bawa, za American zilikuwa na injini za Rolls-Royce na za TWA zilikuwa na Pratt & Whitney. Zile za TWA hazikudumu American; nyingine zikaishia Delta, ambayo 757 zake zilikuwa na Pratt & Whitney tangu mwanzo.

Hata hivyo umri haukosi neno. Kila baada ya miaka kadhaa ndege hufanyiwa ukaguzi mkubwa, ambapo viti na paneli za ndani hung'olewa ili mafundi waone mbavu zenyewe kama zina kutu au nyufa. Ndege iliyolipiwa zamani ni rahisi kuiweka hadi siku hiyo ifike. Kuanzia hapo gharama inaweza kuzidi thamani yake. Bei ya mafuta na mikataba ya ukodishaji nayo huingia katikati, na mwaka 2020 janga la korona liliziondoa ndege nyingi kwa mpigo. Kila unapoona aina imetoweka miaka mingi baada ya muungano, usiharakishe kuupa muungano lawama yote.

Zinazoondoka kweli huenda maeneo makavu kama Marana huko Arizona au Teruel nchini Hispania, kwa kuwa hewa kavu huchelewesha kutu. Nyingine hupata mnunuzi na kurudi angani. Zikikatwa, cha kwanza kushushwa kwa kawaida ni injini, maana mara nyingi ndiyo yenye thamani kuliko kiwiliwili kizima. Sehemu zake zinazozunguka, kama diski za tabaini zinazozungushwa na gesi moto, zina ukomo unaohesabiwa kwa idadi ya safari, si kwa miaka. Diski yenye safari elfu kadhaa zilizosalia huuzwa na kufungwa kwenye injini nyingine, pengine ya shirika lililokuwa likishindana na mwenye ndege ile.