Vinyunyizio vya moto havifunguki vyote kwa pamoja

Wamiliki wengi wa fleti kwenye maghorofa ya zamani hukataa kuchangia vinyunyizio vya moto, yaani vifaa vya darini vinavyomwaga maji ya kuzima moto, wakiamini kwamba moshi wa jikoni utavifungua vyote na kulowesha jengo zima. Sivyo. Katika mfumo wa kawaida wa makazi, kila kinyunyizio kina kichupa chake cha kioo. Joto lake likifika takriban 68°C kichupa hupasuka, na maji hutoka hapo tu. Moshi haukifungui.

Jengo la makazi la Marco Polo mjini Honolulu, Marekani, lenye ghorofa 36, lilikamilika 1971, kabla sheria ya huko haijadai vinyunyizio, hivyo halikuwa navyo. Moto wa Julai 2017 uliua watu 4.

Kabla ya kupigia kura mchango au mkopo, mhandisi apime bomba kuu la zimamoto na pampu: vikitosha, mabomba madogo ya vinyunyizio huungwa humo na gharama hushuka sana. Pimeni pia asbesto (nyuzi za madini ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu) darini kabla mkandarasi hajatoa bei. Ikigunduliwa baada ya kutoboa, kazi husimama na bajeti huvurugika. Mabomba ya plastiki ya CPVC huungwa kwa gundi, bila kuchomelea ndani ya nyumba za watu, ila mabaki ya mafuta ya kukatia chuma yanaweza kuyapasua, na uvujaji huo ndio wa kuogopa.