WRX ya kila siku: usiogope kemba, ogopa mwelekeo wa tairi

Wenye Subaru Impreza WRX wanaokuja na tairi zilizolika upande wa ndani huwa tayari wamekwisha hukumu: kemba imezidi, irudishwe sifuri. Mara nyingi anayesingiziwa si mwizi.

Kemba ni mlalo wa tairi ukilitazama gari kutoka mbele. Juu ikiingia ndani, kemba ni hasi. Kwenye kona, bodi hulalia upande wa nje na kuilaza tairi ya nje pamoja nayo. Kemba hasi kidogo ndiyo inayoifanya ikanyage lami kwa upana wake wote wakati huo. Kwa WRX inayopeleka watoto shule Jumatatu na kupanda Limuru Jumapili, digrii hasi 1 hadi 1.5 mbele na karibu hasi 1 nyuma zinatosha, na tairi hazitaisha haraka kwa sababu hiyo peke yake. Hasi 3 waachie wa mashindano. Ukifunga breki ghafla kwenye njia iliyonyooka, utakuwa unasimamia ukingo wa ndani tu.

Mlaji hasa ni mwelekeo wa tairi. Ukitazama kutoka juu, ncha za mbele zikikaribiana ni toini, zikiachana ni toauti. Tairi iliyopinda digrii 0.1 tu husukumwa pembeni kama mita 1.7 kila kilomita. Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480, ni zaidi ya mita 800 za kusuguliwa bure. Ikipinda 0.5, zinapita kilomita nne. Toauti ikikutana na kemba hasi, ukingo wa ndani ndio unaolipa yote, na kemba inabeba lawama.

Kiganja chako kitakuambia. Kipitishe juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha ukirudishe. Kikiteleza kwenda na kukwaruzwa kurudi, kosa ni la mwelekeo. Kemba hula ukingo mmoja, ukabaki laini.

Kwa hiyo, fundi akipanga tairi, mwelekeo wa mbele omba uwe sifuri. Toauti kidogo huufanya usukani uitike upesi, lakini kwenye barabara kuu gari hutangatanga. Nyuma, toini ya digrii 0.05 hadi 0.1 kila tairi hulituliza gari. Toauti nyuma, kwa gari litakalokutana na mvua, mimi siikubali.

Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani ukilitazama gari kutoka ubavuni, kwa kawaida hairekebishiki kwenye WRX ya kiwandani. Kushoto na kulia zikitofautiana sana, tafuta bushi iliyokufa au mkono wa sasipensheni uliopindwa na shimo la barabarani.

Bushi, boljointi, tairodi na upepo vikaguliwe kabla ya kulipia mashine ya kupima mpangilio wa tairi. Umefunga springi fupi? Vipimo vyote vimehama. Fundi aanze nyuma, kisha mbele, na kemba itangulie mwelekeo, maana boliti ya kemba kwenye shokomzoba ya mbele huvuta na mwelekeo. Anayepanga mwelekeo kwanza ataurudia, au atakuachia umeharibika.

Rangi ya kijani kwenye skrini isikulaze. Inasema tu kwamba uko ndani ya mipaka ya mtengenezaji, na mipaka hiyo ni mipana kiasi cha pande zote mbili kuwa kijani huku gari likivuta upande. Dai karatasi yenye namba za kabla na baada. Kemba ya kushoto na kulia isipishane zaidi ya digrii 0.3 hivi, na mwelekeo uusome mwenyewe gari likiwa bado kwenye rampu.