Mtoto garini na jua la Unguja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Panda gari ya shamba yoyote hapa mjini ukiwa na mtoto mchanga mapajani, na hamjafika mbali utakuwa umeshapewa ushauri na nusu ya abiria. "Mwanangu, mfunike mtoto, jua hilo." "Haya bibi, namfunika." Mwengine anasema fungua dirisha, mwengine anasema funga. Wote wanamtakia mtoto kheri. Tatizo ni kwamba mengi tunayoambiana yanachanganya vitu viwili: joto na mionzi. Joto unalihisi. Mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kudhuru macho, huihisi mpaka imeshafanya kazi yake. Na kinachozuia kimoja si lazima kizuie chengine.

"Kioo nimekifunga, jua haliingii"

Nusu kweli. Kioo cha gari huzuia karibu mionzi yote ya aina B, inayounguza ngozi haraka. Mionzi ya aina A, inayopenya ndani zaidi ya ngozi, ina habari yake. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, na plastiki hiyo huzuia sehemu kubwa ya aina A. Vioo vya ubavuni kwa kawaida ni kioo kimoja tu, na kiasi kinachopita hutofautiana sana gari na gari. Sasa mtoto anakaa wapi? Nyuma, ubavuni.

Hapo hapo inaanguka na ile ya kumuacha mtoto apigwe na jua la dirishani "apate vitamini D". Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya aina B, hiyo hiyo ambayo kioo kimeizuia. Kwa hiyo mtoto anapata joto, anapata aina A, vitamini hapati. Ukitaka kumuotesha jua la asubuhi, muoteshe barazani kwa muda mfupi.

"Gari yangu ina tinti, sina wasiwasi"

Weusi wa kioo unakwambia kiasi cha mwanga kinachopita, basi. Ipo karatasi ya kubandika isiyo na rangi kabisa inayozuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, na ipo nyeusi tii isiyofanya mengi. Anayekubandikia muulize inazuia mionzi kwa asilimia ngapi. Akikujibu kwa kukuonyesha ilivyo nyeusi, ujue hajui.

Kuna jambo lisilogharimu hata senti na watu hawalifikirii: upande wa kumuweka mtoto. Ukitoka mjini asubuhi kwenda Nungwi unaelekea kaskazini, jua liko mashariki, yaani mkono wa kulia, upande wa dereva. Ukirudi jioni unaelekea kusini, jua limeshahamia magharibi, na bado liko mkono wa kulia. Mtoto akae kushoto, kwenda na kurudi. Safari ya Makunduchi ni kinyume chake: asubuhi jua linakuja kushotoni na jioni pia, basi mtoto akae kulia. Pemba, mtu wa Wete anayeteremka asubuhi kuwahi boti Mkoani ana jua kushoto. Saa sita za mchana hesabu hii haina maana, jua liko juu ya bati la gari, na hapo cha kufanya ni kubadilisha saa ya safari kama unaweza.

"Mfunike kanga, apate kivuli"

Kanga ni nzuri ikiwa dirishani. Ibane kwa juu kwenye kioo, shusha, kivuli kimepatikana, almuradi dereva anaona anachotakiwa kuona. Ubaya ni kuitandaza juu ya mtoto mwenyewe, au juu ya kiti chake mpaka kikawa kama hema. Hewa haizunguki, joto la pumzi yake linabaki humo humo, na wewe humuoni uso. Mtoto mchanga hajui kujifunua, na anaweza kulegea pale chini huku mama akishukuru kwamba leo kalala vizuri. Mavazi ndiyo hivyo hivyo: kofia ya sufi na soksi ni za usiku wa kusi, si za safari ya mchana. Nguo moja ya pamba, nyepesi, yenye mikono mirefu inatosha.

"Watoto wetu weusi, jua halituwezi"

Rangi ya ngozi inasaidia kweli dhidi ya kuungua, ingawa ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na bado haijawa imara. Kwa macho haisaidii. Kwa joto haisaidii hata chembe, na kwa watoto wetu wengi hatari kubwa garini ni joto.

Kwa mtoto mwenye ualbino hali ni tofauti kabisa. Yeye kila safari, hata ya kutoka Amani mpaka Mwanakwerekwe, anahitaji kofia pana, mikono mirefu, kivuli dirishani na mafuta maalumu ya kukinga jua. Mafuta ya nazi siyo hayo. Yananukia vizuri, yanalainisha, lakini kinga yake ni ndogo mno. Kule Moshi yanatengenezwa mafuta yanayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtoto wa chini ya miezi 6 kwa kawaida hapakwi mafuta hayo. Kinga yake ni kivuli na nguo, na ushauri wa daktari.

"Huu msimu wa kusi, jua halina nguvu"

Upepo unapoza mwili, haupunguzi mionzi. Sisi tuko kama nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua lina nguvu mwaka mzima. Mawingu mepesi nayo hupitisha mionzi mingi.

"Dakika tano tu, nimeacha kioo wazi kidogo"

Hii ndiyo inayoua. Mama anashuka Darajani kununua samaki, mtoto kalala, anaona haya kumuamsha. Au familia inasubiri boti bandarini, baba kaenda kuulizia tiketi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, walipima gari iliyoegeshwa juani, siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi joto kati ya 22 na 36. Ndani ya saa moja joto la garini lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, na sehemu kubwa ya hizo zilipanda katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana, na kuwasha kiyoyozi kabla ya kuzima gari kulichelewesha kwa dakika chache tu. Chukua siku yetu ya kaskazi yenye nyuzi 32 ujumlishe mwenyewe. Mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 kwa haraka kuliko wa mtu mzima. Shuka naye, hata akiamka analia.

Ukirudi kwenye gari iliyokuwa juani, fungua milango yote kwanza, kisha gusa chuma cha mkanda kwa mkono wako kabla hakijagusa paja la mtoto.

"Mpe maji, mpe na panadoli"

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji hata kwenye joto. Anahitaji titi mara nyingi zaidi, maana maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Simamisheni gari, anyonye. Mkubwa kidogo apewe maji kabla hajaomba.

Panadoli ni dawa ya homa ya ugonjwa. Joto la jua linapanda kwa njia nyengine, na panadoli hailishushi. Mtoto akiwa wa moto sana, amelegea, anatapika, haitiki vizuri au amepata degedege, usisubiri mfike. Mtoe garini, muweke kivulini, mvue nguo, mmwagie au mfute maji mwili mzima huku mwengine anampepea kwa chochote kilichopo. Asiyejitambua asitiwe kitu mdomoni. Mkiwa njiani kwenda hospitali vioo viwe wazi, na kumlowesha na kumpepea kuendelee mpaka mlangoni.