Kijagi cha krimu cha Kiingereza: acheni kuanzia kitakoni

Mteja hajamaliza hata salamu, keshapindua kijagi kichwa chini. "Fundi, ona nanga ya dhahabu! Hiki ni Chelsea." Wiki hii ni wa tatu, na kwa mara ya tatu nimelazimika kumvunja mtu moyo.

Nembo ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kughushi. Chelsea, kiwanda cha kauri cha London cha karne ya 18, walitumia nanga ya dhahabu kuanzia takriban 1756 hadi 1769, nayo ni ndogo sana, kwa kawaida haifiki hata milimita 6. Nanga ninazoletewa ni kubwa, zinajitangaza, na ziko kwenye kauri ngumu, ilhali Chelsea walifanya kauri laini, yaani ya mchanganyiko mwingine wa udongo. Nyingi ni kazi za karne ya 19, zikiwemo za Samson wa Paris, waigaji wa kauri za kale. Tena kuigana hakukuanza hapo. Worcester, kiwanda cha 1751, kilichora panga zilizopishana, nembo ya kiwanda cha Meissen cha Ujerumani, na hilali yake ya buluu ikaigwa na Lowestoft, kiwanda kingine cha Uingereza. Hao Lowestoft hawakuwa na nembo yao kabisa, kwa hiyo kijagi kisicho na alama yoyote chaweza kuwa halisi kuliko hicho chenye nanga.

Basi kishike kwanza, upime uzito. Tazama mdomo, kama umechongoka mfano wa mdomo wa shomoro, na mkono ulivyoungwa. Kisha zima taa, ukimulike kwa tochi kutoka ndani. Udongo wa Worcester wa mwanzo, wenye jiwe la sabuni kutoka Cornwall, mara nyingi hupitisha mwanga wa kijanikijani. Wa Lowestoft huelekea umanjano. Kitako kitazame mwisho.

Wengine husema neno "England" kitakoni ni dalili ya karne ya 18. Hapana. Lilienea kwa sababu ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka.

Na si kila ufa ni hasara. Ufa wa tanuri, uliotokea kilipochomwa, kijagi kilizaliwa nao. Mimi naona afadhali ufa ulio wazi kuliko pengo lililozibwa na kupakwa rangi. Taa ya urujuanimno (UV) hulifichua mara moja.

Jiki msitie, nawasihi, huharibu dhahabu. Maji ya uvuguvugu yanatosha, ndani ya beseni la plastiki, na msikiinue kwa mkono wake: kibebeni kwa viganja viwili.